Kumpeleka mama Cliveden: mlale, mnywe chai, au mtembee tu?

Swali: "Mama na mama mdogo wanakuja kutoka Tanga mwezi Juni, mara yao ya kwanza Uingereza. Mama alimwona Meghan Markle kwenye televisheni akitoka Cliveden na mama yake asubuhi ya harusi yake na Mwanamfalme Harry, na tangu siku hiyo anataka aione 'ile nyumba'. Mimi nakaa Reading. Nimeangalia bei ya chumba nikashtuka. Je, ni lazima kulala? Wazee wanaswali, hawali nguruwe wala hawagusi pombe, na mama goti linamsumbua. Wataona raha, au watakaa kama watu waliokosea mlango?"

Dada yangu, kwanza nifikishie shikamoo kwa mama na mama mdogo. Si lazima kulala Cliveden, hilo jumba la kale ambalo siku hizi ni hoteli, na kwa safari hii mimi nisingewalaza. Chukua tiketi ya bustani, weka nafasi ya chai ya alasiri ndani ya jumba lenyewe siku ya kazi, kisha wape wazee siku nzima bila kuwaharakisha. Hela ya chumba itakayobaki utawapeleka kwingine na utawanunulia zawadi za kurudi nazo Tanga.

Hili linawezekana kwa sababu jumba na ardhi yake si mali ya hoteli. Mwaka 1942 familia ya Astor, wenye jumba wakati huo, ilivikabidhi kwa National Trust, taasisi ya hisani inayotunza majumba na ardhi za kihistoria, kwa sharti kwamba familia iendelee kuishi humo kadiri itakavyopenda. Lord Astor wa tatu alifariki mwaka 1966, familia ikahama, Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani kikapanga kwa miaka kadhaa, na katikati ya miaka ya 1980 jumba likawa hoteli. Kwa hiyo hoteli ni mpangaji. Ekari 376 za bustani na msitu zinazolizunguka ziko wazi kwa yeyote mwenye tiketi ya National Trust, na mwenye uanachama haongezi kitu. Wengi wetu tunaokaa huku hatulijui hilo. Tunaona bei ya chumba, tunafunga ukurasa.

Ukiwa na tiketi ya bustani tu, utaliona jumba lote kwa nje, mbele na nyuma, na utatembea kila mahali isipokuwa sehemu za wageni wa hoteli. Ndani hutaingia. Kwenye miezi ya joto National Trust huwa na siku maalumu za kutembeza vikundi vidogo kwenye vyumba vichache, na nafasi huisha mapema, kwa hiyo angalia ratiba yao kabla ya kuchagua tarehe. Njia ya uhakika ya kuingia ndani bila kulala ni chai.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye historia, maana jumba la namna hii ukiliingia hujui lilipita mikononi mwa nani, unaona viti na mapazia tu. Wageni ninaowatembeza hufurahi zaidi wakisimuliwa njiani kwenye gari. Wakifika wanajua wanatafuta nini, na maswali yanatoka kwao wenyewe.

Aliyeanza kujenga hapo ni George Villiers, Duke wa pili wa Buckingham, miaka ya 1660 (Duke na Earl ni vyeo vya makabaila wa Uingereza). Huyu alikuwa na uhusiano na mke wa mtu, Anna Maria, mke wa Earl wa Shrewsbury. Mwezi Januari 1668 wanaume hao wawili walipigana kwa panga karibu na London, na Shrewsbury akafa kwa jeraha miezi miwili baadaye. Ukizunguka upande wa bustani utakuta alama ya upanga na mwaka 1668 ardhini. Waonyeshe wazee na uwasimulie kisa chote. Hakuna kisa kinachomfanya mama wa Kitanga asahau goti kama hiki.

Nyumba ya kwanza iliungua mwaka 1795, iliyofuata ikaungua mwaka 1849. Kilichobaki tangu karne ya 17 ni ukuta mrefu wa matao unaoshikilia baraza la nyuma, wenye urefu wa mita zipatazo 120. Jumba mnaloliona leo lilichorwa na Charles Barry, yuleyule aliyechora jengo la Bunge la Uingereza, na lilijengwa mwaka 1851 na 1852. Mkifika mbele yake simameni mtazame kuta. Zinaonekana ni za mawe ya kuchonga, kumbe ni lipu ya saruji ya zamani iliyopigwa kwa ustadi. Juu kabisa, chini ya paa, maandishi ya Kilatini yanazunguka nyumba nzima. Aliyeyatunga ni William Gladstone, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu.

Aliyemlipa Barry ni Duke wa pili wa Sutherland, na hapa nakuomba usipite haraka. Utajiri wa ukoo huu ulishikamana na ardhi kubwa kaskazini mwa Scotland. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa wazazi wa Duke huyu, maelfu ya wakulima wadogo waliondolewa kwenye mabonde waliyoyalima vizazi na vizazi ili kupisha malisho ya kondoo. Wengine walisukumwa pwani wakajifunze uvuvi, wengine wakavuka bahari kwenda Kanada. Mama aliyekulia mkoa wa mashamba ya mkonge hatahitaji maelezo marefu kuhusu ardhi kubwa ya mtu mmoja. Kisha mke wa Duke, Harriet, mwaka 1852 alikusanya wanawake wa tabaka lake jijini London, wakaandika waraka wa kuwasihi wanawake wa Marekani wapinge utumwa, ukasainiwa na wanawake zaidi ya nusu milioni. Jambo jema, na aliliamini. Ila mwaka 1853 Karl Marx aliandika kwenye gazeti la New York akiuliza huyu mama anapataje kinywa cha kusema juu ya watumwa wa Marekani, ilhali mali ya nyumba yake imetokana na watu waliotimuliwa makwao. Mimi naona yote mawili ni kweli kwa pamoja, na jumba hili ni mahali pazuri pa kuyafikiria, maana unaliona limesimama mbele yako na unapenda uzuri wake.

Mwaka 1893 jumba lilinunuliwa na William Waldorf Astor, Mmarekani ambaye babu yake mkuu alitajirika kwa biashara ya manyoya na viwanja vya New York. Huyu alikuwa mkusanyaji. Mwaka 1897 alinunua mbao za kuchonga zilizonakshiwa dhahabu kutoka kwenye kasri la Asnières karibu na Paris, akazibandika kwenye kuta za chumba cha kulia, na mpaka leo chumba hicho kinaitwa cha Kifaransa. Kutoka Rome alileta kingo za mawe za bustani ya Villa Borghese, akaziweka chini ya baraza la nyuma. Mkifika hapo inameni mtazame kwenye nyufa na pembe zenye kivuli. Kuna konokono wembamba, urefu wao kama sentimita moja, gamba la kahawia limejisokota mpaka kwenye ncha. Asili yao ni nchi za Mediterania. Inaaminika waliingia Uingereza wakiwa wamejificha kwenye mawe yale, wakazaliana kwa zaidi ya miaka mia bila mtu kuwatambua, hadi wasafishaji wa kujitolea walipowaona karne hii. Watoto na wazee huwatafuta kwa bidii sawasawa. Msiwabandue tu.

Mwaka 1906 Astor alimpa mwanawe Waldorf jumba hili liwe zawadi ya harusi. Bibi harusi alikuwa Nancy, mzaliwa wa Virginia, Marekani. Mwaka 1919 baba mkwe alifariki, Waldorf akarithi cheo chake cha ulordi na kuhamia Baraza la Malordi, yaani baraza la juu la Bunge, na Nancy akagombea kiti chake cha ubunge cha Plymouth. Alishinda, akawa mwanamke wa kwanza kuketi katika Bunge la Uingereza, na alikaa humo hadi 1945. Picha yake kubwa iliyochorwa na John Singer Sargent ipo kwenye ukumbi mkubwa mtakaonywea chai. Anasimama kwa gauni jeupe, amegeuza kichwa kana kwamba ameitwa.

Hili ndilo la kumwambia mama anayeogopa nyumba ya watu wa pombe: Nancy Astor hakunywa pombe kabisa. Muswada wake wa binafsi ulipitishwa kuwa sheria mwaka 1923, na ukapiga marufuku kuwauzia pombe kwenye baa vijana walio chini ya miaka 18. Mezani kwake walipita Winston Churchill, Charlie Chaplin na George Bernard Shaw. Sisemi alikuwa mtu wa kusifiwa kwa yote. Miaka ya 1930 yeye na marafiki zake waliokutana hapa walishutumiwa vikali kwa kutaka maelewano na Ujerumani ya Hitler, na maneno yake kuhusu Wayahudi na Wakatoliki yanaumiza kuyasoma. Lakini mama yako akikaa kwenye ukumbi ule na glasi ya maji, anakaa kwa desturi ya mwenye nyumba.

Kuna na kisa cha bwawa la kuogelea la mwezi Julai 1961, ambapo John Profumo, waziri wa vita, alikutana na msichana wa miaka 19, Christine Keeler, uhusiano ukafuata, na uongo alioutoa bungeni ukamwondoa madarakani mwaka 1963. Bwawa bado lipo, upande wa wageni wa hoteli. Kama utawasimulia wazee au hutawasimulia, wewe ndiye unayewajua.

Tuje kwenye chai. Usiku mmoja hapo ni mamia ya paundi, chai ni zaidi ya paundi 50 kwa kichwa. Si hela ndogo, ila ndiyo mnayoweza kuilipa mara moja na mkaingia kwa mlango wa mbele kama wageni wa nyumba. Unapopiga simu omba meza ya ukumbi mkubwa, ule wenye meko ya mawe ya kuchonga, mazulia ya ukutani na vazi la chuma la askari wa zamani. Uliza pia kama kiingilio cha bustani kimo ndani ya bei ya chai, msije mkalipa mara mbili.

Chakula wapange nao kabla ya siku yenyewe, usisubiri meza. Sandwichi za kawaida huwa na nyama ya nguruwe mojawapo, keki laini zinaweza kuwa na jelatini, na baadhi ya vitamu hutiwa mvinyo. Ukisema tu "halali" unaweza kuletewa nyama ambayo mhudumu mwenyewe hana uhakika nayo. Sema hivi: sinia la mboga, mayai na samaki, bila jelatini, bila pombe kwenye upishi. Jikoni kubwa kama hilo linalielewa ombi hilo mara moja. Chagua chai ya kawaida, si ile inayokuja na shampeni.

Waandae wazee kwa namna chai yenyewe inavyofika. Haipikwi na maziwa wala tangawizi. Kila mtu anachagua majani yake, linakuja birika, kichujio kidogo cha kuweka juu ya kikombe, maziwa baridi pembeni, na mara nyingi birika jingine la maji ya moto ya kuzimulia. Sinia linakuja la ghorofa tatu: chini sandwichi, katikati skonzi za moto na jamu na krimu nzito, juu keki ndogondogo. Mnaanza chini mnapanda. Mama mdogo akianzia juu hakuna atakayemsema. Kuongezewa chai ni kawaida, na kilichobaki cha keki mnaruhusiwa kuomba mfungiwe. Angalieni bili, kwa kuwa mara nyingi hoteli za huku huongeza asilimia 12.5 ya huduma. Ikiwepo, hamdaiwi bakshishi tena.

Kuhusu kuvaa usijichoshe. Dera zuri na mtandio, au kitenge kilichoshonwa vizuri, vinatosha na vinapendeza kuliko suti nyingi zinazoingia pale. Sweta ni lazima hata Juni, na viatu viwe bapa, njia nyingi zina kokoto. Vyoo vya huku havina maji ya kujisafishia kama nyumbani, kwa hiyo weka kichupa mkobani.

Swala ipangieni kabla. Mwezi Juni adhuhuri huingia saa saba na dakika chache mchana, na alasiri baada ya saa kumi na moja. Ukiweka chai saa nane na nusu, wataswali adhuhuri kabla ya kuingia ndani na alasiri wataiwahi nyumbani Reading au kwenye nyasi kabla ya kuondoka. Kibla kutoka hapa ni kusini-mashariki. Bustani ni kubwa na ina kona nyingi tulivu chini ya miti, tandika mkeka na hakuna atakayewasumbua. Mkipenda paa juu yenu, waulize mapokezi chumba kidogo cha faragha, mkiomba siku moja kabla.

Goti la mama ndilo litakaloamua njia. Toka maegesho hadi jumba ni mwendo wa dakika kadhaa, sehemu kubwa ni tambarare. Uzuri wote mkubwa unaonekana kutoka barazani bila kushuka: bustani ya mapambo yenye vitalu vya umbo la pembetatu kwenye uwanja mpana, kisha miti, kisha mto Thames unapinda chini ya jabali. Njia ya ngazi inayoteremka mtoni kupitia miti ya kijani iitwayo yew ina vidato vipatavyo 170. Usimshushe, hata akisema anaweza. Mpeleke badala yake kwenye bustani ya maji, ambako kuna banda la Kichina lililotoka kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867, na samaki wakubwa wa rangi. Juni pia ndiyo wakati wa bustani ya mawaridi. Kama miguu inaruhusu, kuna makaburi ya wanajeshi wapatao 40, wengi wao Wakanada, waliofia kwenye hospitali iliyojengwa ndani ya eneo hili wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni pahali pa kusimama na kuomba dua, na hapana umati.

Kutoka Reading nendeni kwa gari. Treni mpaka Taplow au Burnham ni rahisi, ila toka hapo mtahitaji teksi, na ya kurudi muiagize mapema. Mkiwa na gari mtapita barabara kuu ya M4, mtoke kwenye njia panda namba 7.

Umeuliza kama watajisikia wamekosea mlango. Wahudumu wa pale wametoka nchi mbalimbali na wamezoea wageni wa kila aina, na anayeingia ana nafasi iliyowekwa kwa jina lake anapokewa kwa jina lake. Kinachowafanya wazee wetu wajikunje ni kutokujua kinachofuata: nani anaketi kwanza, kijiko kipi, naweza kupiga picha? Picha mnapiga, isipokuwa za wageni wengine. Wewe kaa upande wa mama, agiza kwa sauti ya kawaida, mtafsirie anachoambiwa, na umwache ajibu mwenyewe kwa "thank you" yake. Na mlango aliouona kwenye televisheni ni ule wa mbele. Meghan na mama yake Doria Ragland walilala hapo usiku wa tarehe 18 Mei 2018, wakatoka kwa gari asubuhi kwenda Windsor. Mpige mama picha kwenye ngazi za mlango huo kabla ya kuingia, nguo zikiwa bado zimenyooka.

Ukija kutaka walale siku nyingine, chagua usiku wa katikati ya wiki mwezi Januari au Februari, bei zinaposhuka. Chukua chumba kimoja chenye vitanda viwili kwa ajili yao wawili, wewe rudi zako Reading, uwafuate asubuhi baada ya kifungua kinywa. Faida ya kulala ni saa ambazo watalii wa mchana hawapo: jioni kwenye ukumbi, meko yamewashwa, na asubuhi barazani kabla milango haijafunguliwa kwa watu wa tiketi. Kwa mwezi Juni, jua linazama saa tatu na dakika ishirini usiku, na mchana mtakaoupata unatosha.

Piga simu hotelini wiki tatu au nne kabla. Taja siku ya kazi, watu watatu, ukumbi mkubwa, sinia lisilo na nyama wala jelatini wala pombe, na goti la mama, ili mpewe viti vyenye mgongo wima. Yale masofa ya chini ni mazuri kuyatazama, lakini mtu wa goti akizama humo kuinuka ni kazi.